Mishi na Maji ya Rejeta

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Ukiniletea gari bovu, niachie gari uende zako nyumbani. Ukinisimamia kichwani na kuniuliza hiki ni nini na kile ni cha nini, spana itaruka. Msambweni nzima ililijua hilo. Mishi alilijua pia, wala halikumbabaisha.

Alikuwa dobi. Kwa miaka kumi na mmoja alimfulia bibi mmoja wa Kizungu kule Diani: mashuka, vitambaa vya meza, nguo nyeupe za kuchezea tenisi, pasi ya makaa mkononi toka asubuhi hadi alasiri. Uhuru ulipopatikana, yule bibi akafungasha arudi kwao, na siku ya kuondoka akamwita Mishi barazani akamkabidhi ufunguo wa gari lake. Mishi hakujua kuendesha hata baiskeli. Akapanda lori hadi Msambweni, akaja moja kwa moja kwenye karakana yangu.

"Fundi Chengo, njoo ukanichukulie gari langu."

"Gari la nani, Mama Mbeyu?"

"Langu mimi."

Nikadhani ana homa. Lakini tulipofika Diani nikalikuta kweli, rangi ya majivu, kuukuu, umri wake umeupita ufundi wangu. Ndani ya buti kulikuwa na jeki, tambara, na mkebe mkubwa wenye maji ya kijani ambao haujafunguliwa. Kabla sijawasha moto, Mishi alikwisha uliza maswali sita. Nilijibu mawili.

Kila mtu alimwambia auze. Mimi mwenyewe nilimwambia: dobi na gari, wapi na wapi? Akanitazama bila kukasirika, akaniuliza, "Kutoka Majoreni mpaka hospitali yetu hapa, gari hili litachukua muda gani?"

Nilijua anachouliza.

Mbeyu, binti yake wa pekee, alikuwa ameolewa Majoreni na Waziri, kijana mpole, mkwezi wa minazi. Uchungu wa mtoto wa kwanza ulimshika mapema, wakambeba kitandani hadi barabara kuu, na mtoto akafia njiani. Wa pili naye hakungoja mwezi wa tisa. Walikaa kando ya barabara tangu alfajiri wakingoja lori lolote, likaja saa sita mchana, na mtoto alipotoka hakulia. Sasa Mbeyu alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi mitatu. Kuhamia kwa mamake asingeweza, maana mama mkwe wake alikuwa amepooza na hakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Ndiyo maana Mishi hakutaka kusikia habari ya kuuza. Alitaka gari moja tu, litoke Msambweni, lifike Majoreni, lirudi.

"Hilo ni jambo dogo," nikamwambia, na kifua nikajipiga.

Siku ya majaribio hatukufika hata Ramisi. Mvuke ukatoka boneti nzima, gari likasimama katikati ya barabara likikoroma. Nikashuka nikiwa nimefura. Nilikuwa nimelijaza maji asubuhi ile ile, kwa mkono wangu.

"Ulitia maji gani?" Mishi akauliza.

"Maji ni maji."

"Si kweli."

Ala! Mimi fundi, niliyekaa miaka saba gereji ya Mombasa, naambiwa si kweli na mfua nguo. Nikataka kumkata kauli, lakini alikuwa keshaanza.

"Umechota kisima cha nyuma ya karakana yako. Kile kimechimbwa kwenye mwamba. Maji yake yanakataa sabuni, fundi. Nikifulia yale, kipande kizima kinakwisha na povu silioni, na shuka linatoka limefubaa. Sasa kama shuka linajua tofauti, injini haijui?"

Kesho yake akaja na birika lake kuukuu la chai. Akaingiza kidole ndani, akabandua gamba jeupe, gumu, akaniwekea kiganjani. "Hili limetoka wapi? Mimi sijapika chokaa humu. Nimechemsha maji tu." Nikamwambia nina kazi. Alipoondoka nikafungua mpira wa juu wa rejeta inayopoza injini, nikalielekeza jua ndani kwa kioo cha kunyolea. Vijinjia vya maji vilikuwa vimezibwa na gamba lile lile jeupe. Haki ya Mungu, nilikaa siku mbili bila kumwambia. Niliona aibu.

Nilipomwambia hakunicheka. Aliuliza tu, "Tutalitoaje?" na kabla sijajibu akasema birika yeye huliosha kwa ndimu. Basi ndipo watu wa Msambweni walipomwona Chengo mwana wa Kinango, mtu wa hasira, ameketi kwenye kigoda anakamua ndimu ndani ya ndoo. Wapita njia wakauliza kama nafungua mkahawa. Nikawajibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Tukaijaza rejeta maji ya ndimu, tukawasha injini ipate joto, tukayamwaga. Yakatoka meupe kama tui. Mara ya pili, mara ya tatu, hadi yakatoka safi, kisha Mishi akasuuza kwa magadi yake ya kufulia ili ukali wa ndimu usibaki kula chuma.

Hapo nilimwonya jambo moja, na hili nililijua mimi, si yeye. Gari kuukuu lina uchafu uliogeuka kiraka. Ukiuondoa, matundu yaliyokuwa yamezibwa yanafunguka. Na kweli, asubuhi rejeta ilikuwa inatiririka sehemu tatu. Mishi akashika kiuno. "Kwa hiyo uchafu ulikuwa ukitusaidia?" akauliza, na kwa mara ya kwanza nikaona swali lake ni tamu. Nikaziba matundu kwa risasi ya kuchomelea, nikabadilisha mipira miwili iliyokuwa imepasukapasuka, nikamwambia sasa tafuta maji unayoyataka wewe.

Akatafuta. Alichukua chupa ya soda na vipande vya sabuni, akazunguka visima vyote, Vingujini, Milalani, hadi vile vya shambani kwa watu. Anachota, anatia sabuni, anatikisa, anapima povu kwa vidole. Povu la kidole kimoja. Povu la vidole viwili. Kisima kimoja hakikutoa povu hata la kuogea sisimizi. Mvua ziliponyesha akaiacha ya kwanza ioshe bati la nyumba yake, ya pili akaikinga, akatikisa chupa, na povu likapanda mpaka mdomoni. Akaja mbio akicheka. Ndiyo hayo, fundi, ndiyo hayo!

Ukabaki ule mkebe wa maji ya kijani. Mimi nilikuwa nimekwisha mwambia autupe. Gereji ya Mombasa tulifundishwa kwamba ile ni dawa ya Wazungu, ya kuzuia maji yasigande kwa baridi ya kwao, na huku kwetu hata siagi haigandi. Mishi akasema sawa, akauchukua, akaupeleka kwa Mwalimu Mangi wa shule ya msingi amsomee karatasi iliyobandikwa. Akarudi na maneno yote kichwani. Karatasi ilisema baridi, ndiyo. Lakini ilisema pia kwamba dawa hiyo inachelewesha maji kuchemka, na inazuia kutu. Ichanganywe na maji laini nusu kwa nusu, na ibadilishwe kila mwaka.

"Hayo ya kuchemka hukuniambia," akasema.

"Sikuyajua!" nikafoka. "Umeridhika? Sikuyajua."

"Basi tuyajue wote," akanijibu, polepole, akanipokonya hasira mkononi.

Asiyemjua angedhani sasa angemimina. Thubutu! Alichukua vikopo vitatu vya kioo, akatia kimoja maji ya kisima changu, kimoja maji ya mvua, kimoja maji ya mvua na dawa ya kijani nusu kwa nusu. Ndani ya kila kimoja akatumbukiza msumari mpya. Ndani ya kile cha dawa akaongeza kipande cha mpira wa rejeta, aone kama dawa itaula. Akavipanga dirishani kwake. Mimi nilisema ni upuuzi, na kila jioni nikitoka kazini nikapitia kwake nikidai naenda dukani, kumbe nachungulia misumari.

Baada ya wiki mbili tukavitoa. Msumari wa maji ya kisima ulikuwa na kutu na unga mweupe juu yake. Nilitarajia hilo. Uliotushangaza ni ule wa maji ya mvua, yale maji yake ya povu, aliyoyasifu mtaa mzima: ulikuwa mwekundu kabisa, kutu tupu, na maji yamegeuka chai. Mishi akaushika akaugeuza, akaugeuza. "Kumbe maji safi nayo yanakula chuma," akasema, "ila hayaachi gamba." Wa tatu, wa kijani, uling'aa kama nimeununua leo, na mpira ulikuwa mzima. Tukatazamana. Nikauchukua ule mkebe mimi mwenyewe, nikapima nusu kwa nusu, nikamimina ndani ya rejeta.

Tukaenda Diani tukarudi. Tukaenda Diani mara ya pili saa nane mchana, jua la kupasua fuvu. Sindano ya kipimo cha joto ilikaa katikati, haikusogea. Mishi alikuwa kiti cha mbele, macho kwenye ile sindano njia nzima, bahari hakuiangalia hata mara moja. Tulipofika alisema, "Sasa Mbeyu na aite." Kila safari akabeba kwenye buti debe moja la maji ya mvua yaliyokwisha changanywa na kiasi kilichobaki cha ile dawa, na chupa mbili za maji ya kunywa, na mtu yeyote aliyelikaribia lile debe alimkaripia.

Mbeyu akaita mwezi wa nane wa mimba. Mwenye baiskeli aliyeleta samaki ndiye aliyekuja na habari, saa nne asubuhi: uchungu umeanza tangu alfajiri. Mishi alikuwa na shuka la mtu mkononi. Akaliacha kwenye beseni, akaingia garini na povu viwikoni.

Nililiendesha vile sijawahi kuendesha gari la mtu. Barabara ya kuingia Majoreni ilikuwa mashimo matupu, na katika shimo moja bomba la kutolea moshi likashikwa likang'oka kipande. Tulipofika, Mishi akakimbilia ndani, mimi nikalala chini ya gari na waya kulifunga. Waziri akaja, uso umempauka.

"Shikamoo fundi. Nisaidie nini?"

"Marahaba. Ngoja rejeta ipoe, kisha shika tambara ufungue kifuniko polepole, uangalie. Kama maji yamepungua, ongeza. Maji safi, Waziri, unasikia? Safi kabisa!"

Hilo ndilo nililomwambia, na nalirudia kwa sababu kosa lilikuwa langu pia. Kijana akafungua, akaona yamepungua kidogo. Akafungua buti akaliona debe, lakini Mishi, mama mkwe wake, alikuwa amesema lisiguswe na mtu, na neno la mkwe halivukwi. Kisima cha Majoreni ni cha chumvi, wenyewe mgeni hawampi. Mgeni wa heshima Majoreni anaangushiwa dafu. Na gari la mama mkwe, lililokuja kumwokoa mkewe, lingekuwa mgeni wa namna gani? Akapanda mnazi akaangua, akafungua manne, akalinywesha.

Mimi nikatoka chini ya gari, nikaona kifuniko kimefungwa, tukampakia Mbeyu kiti cha nyuma juu ya leso moja ya mamake, Waziri akamwachia jirani mamake aliyepooza, akaingia, tukaondoka.

Tulifika kwenye mashamba ya miwa, karibu na Ramisi. Mbeyu alikuwa akiuma kilemba cha mumewe asipige kelele. Mara nikasikia harufu. Tamu, nzito. Nikadhani ni kiwanda. Sindano ikapanda.

"Fundi," Mishi akasema, "gari linanuka kashata."

Nikasimamisha. Mvuke ukatoka, mtamu, unaokera. Kwenye ubavu wa rejeta palikuwa na utando wa kahawia unaochemka kama sukari iliyosahauliwa jikoni. Nikageuka, na uso wa Waziri ukaniambia kila kitu.

"Madafu," akasema. "Ulisema safi kabisa, fundi."

Lo, nilimtukana! Nilimtukana yeye na minazi yake yote, nikapiga boneti ngumi hadi mkono ukavimba. Miezi mitano ya ndimu na misumari, na mtoto yuko njiani, na huyu anapika halwa ndani ya rejeta! Mbeyu akalia kwa mara ya kwanza. Mishi akanishika bega.

"Mangapi?" akamuuliza mkwewe.

"Manne, mama. Nisamehe."

"Ulimpa mgeni ulichokuwa nacho. Fundi, tufanye nini?"

Nikafikiri. Ilibidi yapoe, yamwagwe, isuuzwe mara tatu nne hadi sukari itoke, la sivyo ingegandia njia zote. Debe letu lilikuwa la kujaza mara moja tu, na nikilisuuzia hilo tusingekuwa na la kujazia. Maji mengine yaliyokuwa karibu ni ya mfereji wa miwa, rangi ya udongo, vyura ndani.

"Suuza kwa ya mfereji," Mishi akasema.

"Mama Mbeyu, matope yale..."

"Yatatufikisha?"

"Yatatufikisha. Kwa maili chache hata matope yanafika. Lakini ile kazi yote..."

"Gari nitaliuliza kesho. Leo namuuliza Mbeyu." Akavua leso ya mabegani, akamrushia Waziri. "Chujia hii."

Waziri alikimbia kati ya mfereji na gari kama mwenye wazimu. Mimi namwaga, yeye anachuja, namwaga, anachuja. Mishi alikuwa nyuma na bintiye, anampa maji ya kunywa kwa kiganja na kumhesabia pumzi. Mara ya kwanza yakatoka ya kahawia, yananata. Mara ya nne yakatoka ya matope tu, hayana utamu. Nilionja kwa ulimi. Hapo tukamimina lile debe la kijani. Nusu saa na zaidi ilikuwa imepita. Mbeyu alikuwa ameacha hata kuuma kilemba, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

Tukafika hospitali alasiri. Manesi wakampokea kwa machela, mlango ukafungwa, tukabaki watu watatu kwenye benchi. Mishi hakuuliza kitu. Nilikaa naye pale saa nzima, mwanamke ambaye nilikuwa nimemwomba mara mia afunge mdomo, na nikatamani aniulize lolote, hata rangi ya bati. Waziri alikuwa ameegemea ukuta, midomo inasoma dua.

Kisha tukasikia kilio. Kidogo, cha hasira, kikakatika, kikaanza upya kwa nguvu. Hakuna aliyeinuka. Tulikuwa tumesikia wengine wakilia wodi ile ile, na tuliogopa kuwa si wetu.

Nesi akatoka. "Wa kike. Mama yake mzima. Nguo za mtoto ziko wapi?"

Tukatazamana.

Mara ya kwanza Mishi alikuwa ameshona vijigauni vinne na kofia. Mara ya pili akavifua akavipiga pasi. Mara zote mbili vilirudi vimekunjwa vilevile, na safari hii miezi yote ile hakuna kati yetu aliyethubutu kununua hata kipande cha kitambaa, wala kulitaja neno nguo. Leso moja ilikuwa ya matope, na ile nyingine alikuwa ameilalia Mbeyu.

"Ziko wapi?" nesi akarudia, sasa kwa ukali. "Mtoto yuko uchi."

Waziri akavua shati lake. Lilikuwa limelowa jasho likamkaukia mwilini. Akasita nalo mkononi kwa aibu, maana aliyekaa mbele yake alikuwa dobi, na mama mkwe. Mishi akalipokea. Akaangalia kola, akaangalia kwapa, kama alivyozoea kuangalia nguo za watu miaka kumi na mmoja. Akalikung'uta, akaligeuza ndani nje, akampa nesi.

"Ni jasho la babake tu," akasema.

Mlango ukafungwa. Akakaa sakafuni palepale, akalia kwa sauti, na mimi nikakaa kando yake nikalia naye.